Je, wajua kwa nini jani la muhogo limekoza juu na kupauka chini?

Chuma jani la muhogo uligeuze. Juu ni kijani kilichokoza. Chini limepauka kama lililopakwa majivu. Ni jani lilelile, jembamba kama karatasi. Siri imo katika mpangilio wa seli zake.

Ngozi ya juu ya jani haina rangi. Seli zake ni angavu kama kioo, mwanga unapenya tu. Chini yake zimesimama seli ndefu, zimebanana kama miti ya ua, nazo zimejaa kloroplasti, zile chembe za kijani zinazoendesha usanisinuru, yaani kutengeneza chakula cha mmea kwa mwanga. Ni ndogo mno: ukipanga kama 200 mstarini ndipo utajaza milimita moja. Ndani ya kila moja mna viwambo vilivyolaliana kama chapati kwenye hotipoti. Hapo ndipo umbijani, ile rangi ya kijani ya mmea, hunasa mwanga, maji yakapasuliwa na oksijeni ikatoka. Katika ute unaovizunguka viwambo, kabonidioksidi hugeuzwa sukari.

Seli za upande wa chini zimekaa shaghalabaghala, zimeachiana nafasi za hewa, na kloroplasti zake ni chache. Ongeza na utando wa nta, rangi inafifia. Huku ndiko viliko vitundu vingi vya kuingizia hewa.

Ninachokistaajabia zaidi kiko katikati ya seli. Hapo pana mfuko wa maji, vakuoli, unaoweza kuchukua hadi asilimia 90 ya seli nzima. Mfuko huo huzisukuma kloroplasti mpaka ukutani, jirani na hewa. Kabonidioksidi husambaa majini polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani, kwa hiyo hata tabaka jembamba la maji ni safari ndefu kwake. Tena kloroplasti hazitulii. Katika mimea mingi, mwanga ukiwa hafifu hujitandaza kuupokea. Jua likiwa kali hukimbilia kuta za pembeni, zikakingana.

Kisamvu kinapotwangwa kinuni, kuta na mifuko hiyo ndiyo inayopasuka. Vakuoli za muhogo zina linamarini, kemikali iliyobeba sianidi. Ikikutana na kimeng'enya, yaani protini ya kuivunjavunja, kilichoko ukutani mwa seli, hutoa sumu ya sianidi. Kisamvu kikitwangwa kikalainika, kisha kikachemka muda mrefu sufuria ikiwa wazi, sumu hiyo hutoka na mvuke.