Mkweka anayeimba ni Mkweka pia

Kuna ujumbe unaozunguka tena kwenye magrupu: eti Mkweka (Quaker, yaani muumini wa dhehebu la Kikristo la Marafiki) wa kweli hukaa kimya ibadani, hana mchungaji wala kwaya, kwa hiyo Marafiki wa Kenya ni bandia. Si kweli.

Ibada ya kimya ndiyo ya mwanzo, Uingereza karne ya 17, na huko bado inatawala; ndiyo maana watu huchanganyikiwa. Lakini karne ya 19, uamsho wa Marekani uliwapa Marafiki wengi nyimbo, mahubiri na wachungaji. Wamishonari waliofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902 walitoka mkondo huo, na leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi yoyote.

Unataka kuhakikisha? Pita Kaimosi Jumapili. Kwaya utaisikia ungali barabarani. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.