Kujiamini: tunayodanganyana na ukweli wenyewe

Hii mada kila mtu ana ushauri wake, na mwingi ukiufuatilia hauna kichwa wala miguu. Ngoja tupitie ule unaorudiwa sana.

Dhana: ukishajiamini ndo utaweza kufanya.

Ukweli ni kwamba unaanza kufanya, tena vibaya vibaya hivyo hivyo, alafu kujiamini kunakuja baadae. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mtu anatoa wapi imani kwamba jambo fulani analiweza, akataja vyanzo vinne: kulifanya mwenyewe ukafanikiwa, kumuona mtu kama wewe akifanikiwa, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili wako wakati huo. Chenye nguvu kuliko vyote ni hicho cha kwanza. Sasa tuangalie sisi, wote tumekimbilia cha tatu, kutwa nzima hotuba za hamasa masikioni, mtu anatoka hapo mzuka umepanda kesho yake kwenye kikao kimya vilevile, maana hakuna alichofanya.

Kama kuongea mbele za watu kunakutesa, anza na swali moja tu kikaoni, liandike kabisa kwenye daftari ulisome. Kikao kinachofuata toa maoni mafupi. Ukizoea, omba wewe ndo usome ripoti. Ni pole pole na inachosha, ila huo ndo ushahidi ambao hakuna mtu wa kukunyang'anya.

Na hiyo imani inaenda jambo kwa jambo. Mtu anaweza kuwa moto kwenye mahesabu alafu akatetemeka kumpigia simu mteja, kwa hiyo ile kauli ya "mimi sijiamini" ni ya jumla mno, jiulize hujiamini kwenye nini hasa, hapo utajua pa kuanzia.

Dhana: anayejiamini haogopi.

Anaogopa sana tu. Moyo unadunda, mikono inatoka jasho, na anaenda. Kuna utafiti wa Alison Wood Brooks wa mwaka 2014, watu walioambiwa waseme "nina hamu" kabla ya kutoa hotuba walifanya vizuri kuliko walioambiwa waseme "nimetulia". Ina mantiki, hofu na hamu mwilini zinafanana, kwa hiyo kuigeuza hofu kuwa hamu ni rahisi kuliko kujilazimisha utulivu ambao huna.

Dhana: jiambie kila asubuhi kwenye kioo kwamba wewe ni bora.

Hii inaweza hata kukuharibia. Joanne Wood na wenzake walitoa utafiti mwaka 2009, wale waliokuwa wanajiona duni tayari, wakirudia sentensi ya kwamba wao ni watu wa kupendwa walijisikia vibaya zaidi. Kichwa kinabisha, yani unakiambia kitu nacho kinakuletea orodha ya sababu kwa nini sio kweli. Bora useme kitu ambacho hata wewe huwezi kukikataa, kama "ile kazi ya mwezi uliopita niliimaliza na ikapokelewa".

Dhana: tanua kifua dakika mbili, homoni (kemikali za mwili) zinabadilika na unajiamini.

Hii ilivuma sana baada ya utafiti wa mwaka 2010 uliokuwa na watu 42. Mwaka 2015 wengine wakaurudia kwa watu 200, homoni hazikubadilika, ila watu walisema wanajisikia wana nguvu zaidi. Mwaka 2016 Dana Carney, mmoja wa watafiti wa mwanzo, akasema wazi haamini tena kwamba hiyo athari ipo. Kaa wima kwa ajili ya mgongo wako basi.

Dhana: nikikosea wote wataona.

Thomas Gilovich na wenzake, utafiti wa mwaka 2000, waliwavalisha wanafunzi wa chuo tisheti yenye picha ya mwanamuziki Barry Manilow, ambayo kwa vijana wale ilikuwa aibu, wakawaingiza kwenye chumba cha watu. Waliovaa walidhani karibu nusu ya waliokuwemo wameitambua picha. Waliotambua walikuwa kama robo tu. Watu wako bize na aibu zao.

Dhana: ukiwa na uwezo kweli hutajiona feki.

Wapi. Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika kuhusu hali hii mwaka 1978 baada ya kukutana na wanawake waliofanikiwa sana kimasomo na kikazi ambao bado waliona wamewadanganya watu tu.

Dhana: anayejiamini ana jibu la kila kitu.

Hapa ofisini ndo tunaumizana. Mwenye sauti kubwa anasikilizwa hata kama anabahatisha, na aliyefanya kazi yenyewe amekaa kona. Ukiulizwa kitu hukijui sema "sijui, nipe mpaka kesho mchana", alafu hiyo kesho mchana ulete jibu kweli.