Ndiyo, ni kampuni binafsi. Sasa niambie nani aliyeipigia simu

Kuna sentensi moja nimechoka kuisoma: "Ni kampuni binafsi, Katiba haihusiki." Kipindi cha televisheni kimeondolewa hewani, mtangazaji kafutwa kazi, akaunti ya mtu imefungwa. Watu wanalalamika kwamba Marekani imekanyaga uhuru wa kusema, kisha anatokea mjuaji kwenye kundi la WhatsApp, anaiangusha sentensi hiyo kama hukumu ya rufaa, na mjadala unafungwa. Safari hii aliyeiangusha ni wakili mwenzangu. Basi nimeona nikae chini niandike.

Kazi yangu hapa Marekani ni mashauri ya ajira na uhuru wa kujieleza. Sentensi hiyo ingekuwa uongo mtupu nisingehangaika nayo. Kinachonikera ni kwamba ni kweli iliyokatwa katikati, na kipande kilichobaki nje ndicho chenye habari yote ya mwaka 2025.

Ya msingi niyapitie haraka. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, ya mwaka 1791, yanayolinda uhuru wa kusema, yanalifunga mikono Bunge. Majimbo nayo yakafungwa baadaye kupitia Marekebisho ya 14, na Mahakama ya Juu ikaanza kulitamka hilo katika kesi ya Gitlow mwaka 1925. Mwajiri wako binafsi hayumo humo. Mwenye nyumba wako hayumo. Ndiyo maana walipofukuzwa watu makazini kwa walichoandika mtandaoni baada ya Charlie Kirk, mwanaharakati wa kihafidhina na mfuasi wa Trump, kupigwa risasi na kufa kule Utah Septemba 2025, jibu langu la kwanza kwa kila mmoja lilikuwa swali: mshahara wako unatoka wapi? Mwalimu wa shule ya serikali ana pa kushika tangu kesi ya Pickering ya 1968, ingawa si pakubwa. Mwalimu wa shule binafsi, pole sana.

Mitandao vilevile. Facebook ikifuta andiko lako inatumia uhuru wake yenyewe wa kuchagua cha kuchapisha, na Mahakama ya Juu imelisogelea sana jambo hilo katika kesi ya Moody mwaka 2024, kwa kuegemea hukumu ya 1974 iliyokataa Florida kulilazimisha gazeti la Miami Herald kuchapisha majibu ya wanasiasa. Trump alipoishtaki Twitter kwa kumfungia akaunti, jaji alilitupa shauri mwaka 2022 kwa sababu hiyohiyo. Meta, wenye Facebook, ambao Trump aliwashtaki pia, walikuwa na hoja hiyohiyo mkononi, lakini Januari 2025, siku chache baada ya Trump kuapishwa tena, walikubali kumlipa dola milioni 25 yaishe. Sheria ilisema hadai kitu, pochi ikafunguka. Liweke hilo akilini, nitalirudia.

Hapo ndipo mjuaji wetu huishia. Mimi ndipo ninapoanza.

Mwaka 1956 jimbo la Rhode Island liliunda tume ya kulinda maadili ya vijana. Tume haikuwa na uwezo wa kumkamata mtu wala kukipiga kitabu marufuku. Ilichofanya ni kuandika barua za adabu. Msambazaji mkubwa wa vitabu jimboni alipokea zisizopungua 35: tume imekagua vitabu vifuatavyo, imeona havifai kwa walio chini ya miaka 18, tunakushukuru mapema kwa ushirikiano wako. Na kwa kumalizia, tunakukumbusha kwamba ni wajibu wetu kupendekeza kwa mwanasheria mkuu nani ashtakiwe. Nakala ya orodha ilikwenda polisi. Siku chache baadaye askari angepita dukani kuuliza, kwa upole tu, vile vitabu vimefikia wapi. Vilikuwa vimekusanywa na kurudishwa kwa wachapishaji.

Tume ilijitetea kwamba yenyewe inashauri tu, na msambazaji ni mfanyabiashara binafsi aliyeamua kwa hiari yake. Ni ile sentensi yetu, imevaa suti. Mwaka 1963, katika kesi ya Bantam Books, Mahakama ya Juu iliikataa kwa kura nane dhidi ya moja. Akufukuzaye hakwambii toka, na majaji wanane waliliona hilo. Kilichopimwa ni jinsi mtu mwenye akili timamu aliyepokea barua ile angeielewa. Kingine ambacho watu hukipita: waliokwenda mahakamani ni wachapishaji. Yule aliyeandikiwa barua alitii akanyamaza. Aliyebanwa huwa na sababu zote za kutosema kwamba amebanwa.

Kwa aliyekulia mtaani kwetu hili halihitaji shahada. Bwana afya anafika kwa mama lishe, anasifia pilau, anauliza leseni inaisha lini, kisha anasema yule kijana anayekaa pale mezani kila siku akimsema diwani hapendezi. Kesho yake mama lishe anamwambia kijana atafute pengine pa kunywa chai. Kibanda ni chake, hiari ni yake. Ukimwambia kijana yule "ni biashara binafsi" atakushangaa umezaliwa wapi.

Anayesema Bantam ni kesi ya zamani, asome kesi ya Vullo. Maria Vullo alikuwa msimamizi wa huduma za fedha jimbo la New York. Baada ya wanafunzi kuuawa shuleni Parkland, Florida, mwaka 2018, aliziandikia benki na kampuni za bima akizitaka zitafakari uhusiano wao na chama cha wenye bunduki, NRA. Kwa mujibu wa madai yaliyofunguliwa, alikutana pia na viongozi wa Lloyd's, soko la bima la London, akawaonyesha kwamba makosa yao mengine ya bima hatayafuatilia sana wakiachana na chama hicho. NRA wakashtaki, na waliowatetea mbele ya Mahakama ya Juu ni ACLU, shirika la kutetea haki za raia, watu wasiokubaliana nao karibu kwa lolote. Mei 2024 majaji wote tisa, Jaji Sotomayor akiandika, walisema madai hayo yakithibitishwa ni uvunjaji wa Marekebisho ya Kwanza: ofisa wa serikali hawezi kumtumia mtu binafsi kufanya kile ambacho Katiba inamkataza kukifanya mwenyewe. Tisa kwa sifuri, katika mahakama ambayo kwa mengi hugawanyika vipande viwili.

Sasa twende Septemba 2025. Jimmy Kimmel, mchekeshaji mwenye kipindi cha usiku kwenye televisheni ya ABC, alizungumzia mauaji ya Kirk katika kipindi chake kwa namna iliyowaudhi wafuasi wa Trump. Siku mbili baadaye, tarehe 17, Brendan Carr, mwenyekiti wa FCC, tume inayotoa leseni za vituo vya televisheni, alisema kwenye podikasti kwamba jambo hili linaweza kumalizwa kwa njia rahisi au kwa njia ngumu. Saa chache baadaye Nexstar, yenye vituo vingi vinavyorusha ABC, ikatangaza kukiondoa kipindi. ABC ikafuata jioni hiyohiyo, na Sinclair nao, wamiliki wengine wa vituo. Nexstar wakati huo walikuwa wanasubiri kuinunua Tegna kwa dola bilioni 6.2. Ridhaa ilitakiwa itoke kwa nani? FCC.

Hapa wajuaji wawili hukutana. Mmoja anasema ABC ni kampuni binafsi, basi. Mwingine anasema Carr asingeweza kuinyang'anya ABC leseni, maana mtandao wa ABC hauna leseni. Leseni ni za vituo, kimoja kimoja, za miaka minane, na sheria ya mawasiliano ya 1934 inaikataza FCC kudhibiti maudhui. Yote kweli. Lakini msambazaji wa Rhode Island naye asingefungwa kirahisi, na bado alivirudisha vitabu. Tume yenye kalamu ya kuidhinisha au kukalia dili la mabilioni haihitaji kumfuta mtu leseni. Kuchelewesha kunatosha. Seneta Ted Cruz, ambaye hakuna atakayemwita mpinzani wa Trump, alilinganisha kauli ile na lugha ya majambazi wa mafia. Carr mwenyewe mwaka 2019, akiwa kamishna wa kawaida, aliandika kwamba FCC haina mamlaka ya kuzurura ikidhibiti maneno ya watu kwa jina la masilahi ya umma. Na Trump alianza muhula huu, tarehe 20 Januari 2025, kwa kusaini amri ya rais ya kukomesha udhibiti wa serikali kuu juu ya kauli za watu.

Kimmel alirudi hewani tarehe 23, na siku tatu baadaye Nexstar na Sinclair nao wakamrudisha. Mteja angeniuliza: angeshinda mahakamani? Hapa sitajifanya bingwa. Nadhani kauli ya Carr ni kitisho kwa kipimo chochote cha Bantam na Vullo. Kuithibitisha kama chanzo ni mlima mwingine. Nexstar walisema wameamua wenyewe, bila kuwasiliana na FCC. Labda ni kweli. Labda wakubwa wa vituo walichukizwa na Kimmel kweli, na kuchukizwa ni haki yao.

Kikwazo chenyewe kina jina: kesi ya Murthy, Juni 2024, mwezi mmoja tu baada ya Vullo. Majimbo mawili na watu watano walidai serikali ya Biden iliibana mitandao ifute maandiko kuhusu UVIKO na uchaguzi. Mahakama, sita kwa tatu, haikuamua kama walibanwa au la. Ilisema hamjaonyesha kwamba andiko hili, la mtu huyu, lilifutwa kwa sababu ya ofisa yule, maana mitandao ilikuwa na kanuni zake na ilishaanza kufuta kabla. Nimeisoma hukumu hiyo mara nyingi na bado sijatulia nayo. Upande mmoja naikubali: bila uzi unaounganisha simu na matokeo, kila aliyefutiwa andiko angemshtaki rais. Upande wa pili, inamfundisha ofisa somo baya kabisa. Piga simu kwa kampuni ambayo tayari inasitasita, usiandike barua, na uzi hautaonekana. Majaji Alito, Thomas na Gorsuch walilisema hilo katika maoni yao ya kupinga, na mimi ambaye mara chache nakubaliana na Alito nilijikuta natikisa kichwa kukubali.

Ndiyo maana nawacheka kidogo pande zote mbili. Waliopiga kelele za Murthy wakati wa Biden wengi walikosa sauti Carr alipozungumza. Na waliomlilia Kimmel, wengi wao mwaka 2021 walikuwa wananiambia, bila kupepesa macho, kwamba Facebook ni kampuni binafsi.

Tena hata ukishinda, unashinda nini? NRA baada ya ushindi wa tisa kwa sifuri walirudi mahakama ya rufaa, na Julai 2025 ikaamuliwa kwamba Vullo analindwa na kinga ya maofisa, kwa kuwa mwaka 2018 sheria haikuwa wazi vya kutosha. Kanuni ikabaki vitabuni, aliyeshtakiwa akaenda nyumbani. Upande wa pili, ABC walikubali dola milioni 15 Desemba 2024 kumaliza shauri la Trump la kashfa, Paramount, wenye televisheni ya CBS, milioni 16 Julai 2025 kwa shauri ambalo mawakili wengi, nami nikiwemo, tuliliona jepesi, na mwezi huohuo FCC ikaidhinisha Paramount kuungana na kampuni ya filamu ya Skydance. Siwezi kuthibitisha kwamba kimoja kilileta kingine. Nasema tu kalenda iko wazi kwa kila mtu.

Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika, ambayo wengi mliniuliza iliponyamaza Machi 2025, ni mambo mengine. Ile ni redio ya serikali yenyewe, na jaji aliyeamuru irejeshwe Aprili mwaka huo aliegemea zaidi sheria za Bunge na fedha zake kuliko uhuru wa habari. Nitaiandikia siku yake.

Swali la wenye viza na kadi ya kijani siwezi kuliacha. Katiba inawalinda, Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 1945, katika kesi ya Harry Bridges, mfanyakazi wa bandari aliyezaliwa Australia, kwamba mgeni aishiye hapa ana uhuru wa kusema. Septemba 2025 jaji wa Boston, William Young, alirudia bila kumung'unya. Lakini mwanafunzi Mturuki wa chuo kikuu cha Tufts aliyeshiriki kuandika makala katika gazeti la chuo alikamatwa barabarani tarehe 25 Machi 2025, akapelekwa Louisiana, akaachiwa tarehe 9 Mei. Haki alikuwa nayo siku zote hizo akiwa kizuizini. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama anaweza kuandika, namwambia anaweza. Akiniuliza kama ni salama, hapo namwomba tuzungumze kwa simu.

Kwa waliofukuzwa na mwajiri binafsi bila mkono wa serikali, angalieni sheria za jimbo lenu kabla ya kukata tamaa. Connecticut, kifungu 31-51q, inamlinda kwa kiasi hata mfanyakazi wa kampuni binafsi. California inamkataza mwajiri kuingilia shughuli za kisiasa za mfanyakazi. Montana, tangu 1987, mwajiri anahitaji sababu ya maana kumfukuza aliyemaliza muda wa majaribio. Na kama mkubwa wenu wa kazi aliwahi kutaja, hata kwa utani, ofisi fulani iliyopiga simu, andikeni tarehe, saa na nani alikuwepo, leo hii, na msiandike kwenye kompyuta ya kazini.