Je, wajua kwa nini Wayoruba husema mtu alijichagulia kichwa chake?

Ukiitazama sanamu ya mbao iliyochongwa na fundi wa Kiyoruba, utakachokiona kwanza ni kichwa. Ni kikubwa mno, mara nyingi hufika robo ya sanamu nzima, ilhali kichwa cha binadamu huingia kama mara saba katika urefu wake. Fundi hakukosea vipimo. Kwa Wayoruba wa kusini-magharibi mwa Nigeria na wenzao wa nchi jirani ya Benin, kichwa, yaani ori, ndicho kinachobeba majaliwa ya mtu. Hiki tunachokinyoa na kukichana ni ganda tu. Ndani yake kimo ori inu, kichwa cha ndani, na hicho kila mtu alikichukua mwenyewe kabla hajazaliwa.

Sisi husema fulani ana nyota. Wao humwita olori ire, mwenye kichwa chema, na kinyume chake ni olori buruku, mwenye kichwa kibaya, ambalo ni tusi zito. Lakini nyota kwetu mtu huzaliwa nayo tu, hakuna anayemuuliza aliitoa wapi. Kwa Wayoruba swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe ni kisa kitamu.

Kisa hicho kimo katika mashairi ya Ifa, elimu ya uaguzi yenye sura 256 ambazo mganga, babalawo, huzihifadhi kichwani. Obatala, mmoja wa miungu, hufinyanga mwili, Mungu Mkuu Olodumare huutia pumzi, kisha mtu huenda kwa Ajala, mfinyanzi wa vichwa. Ajala ni fundi hodari ila ni mdaiwa sugu. Wadai wakibisha hodi, hupanda darini akajificha. Vichwa vyake vingine vimeiva sawasawa, vingine vibichi, vingine vina ufa, na kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Basi marafiki watatu walifunga safari ya kuja duniani: Oriseeku, Orileemere na Afuwape, mwana wa Orunmila, mungu mwenye elimu ya Ifa. Wawili wa kwanza hawakutaka kusimama njiani. Walifika kwa Ajala, hawakumkuta, wakajichukulia vichwa vilivyowapendeza na kuondoka. Afuwape alipitia kwanza kwa baba yake. Huko akapigiwa bao, akaambiwa atoe sadaka, naye akaondoka na chumvi na fedha za kauri. Njiani alimkuta mlinzi wa lango akipika mchuzi na kuutia majivu badala ya chumvi. Akamwonjesha chumvi. Mlinzi, kwa furaha ya ule mchuzi, akamweleza Ajala yuko wapi na kwa nini amejificha. Afuwape akamlipa mdai, Ajala akateremka kutoka darini, akachukua fimbo ya chuma na kuanza kugonga kichwa kimoja kimoja mpaka kimoja kikalia vizuri. Mvua ilipowanyeshea njiani, vichwa vya wale wawili vilimomonyoka. Cha Afuwape kilifika kizima.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu hakikubali kukaa upande mmoja. Afuwape alichagua, ni kweli, lakini asingechagua vizuri bila baba, bila chumvi na bila mlinzi. Wale wawili nao walichagua, ila mtu akiwekewa vyungu vinavyofanana, kimoja kizima na kingine kibovu, akaambiwa achukue, hapo amechagua au amebahatisha? Mwanafalsafa Mnigeria Segun Gbadegesin ameliuliza hilo waziwazi: uchaguzi wa asiyejua anachochagua una uhuru gani? Hata lugha yenyewe imeliacha wazi. Majaliwa yana majina matatu: akunleyan, kilichochaguliwa kwa kupiga magoti, akunlegba, kilichopokewa kwa kupiga magoti, na ayanmo, kilichobandikwa juu ya mtu.

Sasa njoo kwenye filamu za bunilizi ya kisayansi, ambazo nazo zimezunguka swali hilihili miaka mingi. Katika Gattaca ya 1997, mtoto Vincent anapozaliwa tu damu yake inapimwa na muuguzi anasoma matokeo: uwezekano wa ugonjwa wa moyo asilimia 99, umri wa kuishi miaka 30.2. Kuanzia hapo milango inafungwa. Wayoruba nao wana desturi ya kumtazamia mtoto, kwa kawaida siku ya tatu, babalawo akisoma amekuja duniani na kichwa gani. Lakini wazazi hutoka hapo na kazi ya kufanya: miiko ya kushika, sadaka ya kutoa, tabia ya kumfundisha. Utabiri usiompa mtu la kufanya, katika Ifa, hauna faida.

Na kuna ese, miguu, yaani juhudi. Shairi moja husimulia vichwa vilivyokutana kupanga mambo yao bila kuialika miguu, na mipango ikakwama, maana hakuna wa kuipeleka popote. Mswahili aliyesema riziki ya mbwa iko miguuni mwake angekaa vizuri katika kikao hicho. Vincent pia: anaogelea, anafanya mazoezi, anajificha nyuma ya damu ya mtu mwingine, na mwisho anapanda roketi. Ana kichwa kibichi na miguu isiyokubali.

Filamu iliyo karibu zaidi na Ajala, kwa maoni yangu, ni Arrival ya 2016. Louise, mtaalamu wa lugha, anajifunza maandishi ya wageni kutoka angani, na lugha hiyo inamfungulia wakati wote kwa pamoja. Anaona kwamba atamzaa binti, na kwamba binti huyo atafariki akiwa bado mdogo. Anamzaa. Anachagua huku akiona kila kitu, jambo ambalo Oriseeku na mwenzake hawakulipata.

Myoruba yeye huchagua, hupita mbele ya Onibode, mlinzi wa lango la mbinguni na duniani, kisha husahau. Orunmila peke yake ndiye huitwa eleri ipin, shahidi wa majaliwa, kwa kuwa alikuwepo pale mtu alipokuwa anachagua. Ndiyo maana watu huenda kuuliza Ifa: wanamtafuta shahidi awakumbushe neno lao wenyewe. Na ndiyo maana kichwa hulishwa. Siku ya ibada hiyo mtu hukaa, kokwa ya kola inagusishwa kwenye paji la uso wake pamoja na maji, na anakisemesha kichwa chake, anakiomba kimfikishe kule walikokubaliana.