Mnara wa Mwenge na hadithi zake

Mpwa wangu alikuja Arusha likizo, na siku ya kwanza tu akataka kupiga picha kwenye kipilefti cha Makongoro, penye Mnara wa Mwenge. Akaniuliza, "Mjomba, kumbe hapa ndipo Mwalimu aliposimama akasoma Azimio la Arusha?" Nikacheka, maana hata mimi nilikua nikiamini hivyohivyo. Mji wetu umezoea wageni wakubwa, basi kila tukiona mnara tunadhani ni unyayo wa mtu aliyepita.

Hapo kwenye kipilefti hakusoma kitu. Mwalimu Nyerere alikuja Arusha Januari 1967 kwa kikao kilichopitisha Azimio, tamko la chama tawala cha TANU kuhusu ujamaa na kujitegemea. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikaa kuanzia tarehe 26 hadi 29 katika ukumbi wa ustawi wa jamii wa Kaloleni, jengo ambalo sasa ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Ni hatua chache kutoka kwenye mnara, ila watu wengi hupiga picha ya mnara wakaondoka bila kuchungulia ndani. Ukitaka mahali penyewe, ni pale ukumbini.

Mkanganyiko wa tarehe nao una sababu. Mtoto wa shule ukimuuliza Azimio ni la lini, atakujibu Februari 5, na mwalimu wake atamwekea vema. Lakini wajumbe walilipitisha tarehe 29 Januari, Arusha. Februari 5 ndiyo siku lilipotangazwa kwa wananchi, na lilitangazwa Dar es Salaam. Kwa hiyo jina ni la Arusha, kikao ni cha Arusha, ila sherehe tuliisikia redioni kama watu wengine. Kesho yake, Februari 6, ikatangazwa kuwa mabenki yanataifishwa.

Hiyo Februari 5 imebeba mengi mno. Ndiyo siku chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipozaliwa Zanzibar mwaka 1957. Ndiyo siku CCM ilipozaliwa mwaka 1977, TANU na ASP zilipoungana, miaka kumi kamili tangu Azimio litangazwe. Ndiyo maana utamsikia mtu mzima na akili zake akisema Azimio ni la CCM. Mwaka 1967 CCM haikuwepo hata kwa jina.

Halafu kuna mwenge wenyewe ulio juu ya mnara. Nimesikia kijiweni kwamba Mwalimu aliupandisha Kilimanjaro kwa mikono yake, akateremka, akaja kuuweka Arusha. Aliyeupandisha ni Luteni Alexander Nyirenda, mwanajeshi, usiku wa kuamkia Uhuru, Desemba 9, 1961. Mwalimu alitoa wazo, tena mapema, mwaka 1959 akiwa katika Baraza la Kutunga Sheria, aliposema tunataka kuuwasha na kuuweka juu ya mlima umulike hata nje ya mipaka yetu. Maneno yalikuwa yake, kupanda mlima kulikuwa kwa Nyirenda. Hivyo mnara wetu umeazima alama ya 1961 kukumbuka jambo la 1967, na mgeni asiyejua huviunganisha vyote viwili kuwa siku moja.

Sasa nije kwenye dhana inayoniuma zaidi, kwa sababu imeingia hata majumbani. Wazee wengi waliohamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa, nyumba zikabomolewa na mashamba yakaachwa, husema, "Azimio ndilo lilituhamisha." Machungu yao ni ya kweli kabisa na sina haki ya kuyapunguza. Ila ukilisoma Azimio lenyewe, sehemu zake zote tano, hukuti amri ya kumhamisha mtu. Kuna imani ya TANU, siasa ya ujamaa, siasa ya kujitegemea, mambo ya uanachama, kisha azimio lenyewe. Habari ya vijiji vya ujamaa ilipewa andiko lake, Ujamaa Vijijini, Septemba mwaka uleule, na humo kijiji kilikuwa jambo la hiari. Lazima ilikuja baadaye: Novemba 1973 Mwalimu alitamka kwamba kuishi vijijini ni amri, na kazi iwe imekwisha kufikia mwishoni mwa 1976. Kati ya karatasi ya Arusha na lori lililosomba vyombo vya watu kuna zaidi ya miaka sita.

Kilichowabana watu ndani ya Azimio kilikuwa miiko ya viongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Soma tena hiyo ya nyumba, kisha tembea Njiro, mtaa wetu wa majumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na huko hakuna aliyejenga mnara.

Tulishuka na mpwa wangu hadi Mnara wa Saa. Njiani akanitajia Clinton, yule rais wa Marekani, kwamba alikuja kutalii. Hapana. Alikuja Agosti 28, 2000, kushuhudia kutiwa saini mkataba wa amani wa Burundi, Mzee Mandela akiwa msuluhishi baada ya Mwalimu kufariki Oktoba 1999. Ni kikao tena, ukumbini tena.

Penye saa tukamkuta kijana mwongoza watalii akieleza kwa bidii kwamba tulipo ndipo katikati kabisa ya Cairo na Cape Town. Wageni wakainua simu. Nilishawahi kulipigia hesabu hili, na nakiri lilinishangaza. Kwa mstari wa ndege, kutoka Arusha hadi Cairo ni kama kilomita 3,760, na hadi Cape Town kama 3,890. Pengo ni kama kwenda Moshi na kurudi hadi nusu ya njia. Kwa hiyo kijana haropoki. Tatizo ni kwamba kulingana umbali hakukufanyi uwe katikati. Mtu anaweza kuwa sawasawa kwa mbali na nyumba mbili huku amesimama pembeni kabisa. Ukichora mstari ulionyooka kati ya miji hiyo miwili, nusu yake inaangukia msituni Kongo, kaskazini-magharibi mwa Kindu, zaidi ya kilomita 1,200 magharibi yetu.

Wageni walipoondoka nikamvuta pembeni nikamweleza. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, akakuna kichwa.

"Nimekuelewa, mzee wangu. Ila nikiwaambia katikati ni Kindu, tipu nitaifuata hukohuko?"

Mpwa wangu alikuwa ameshapiga picha ya saa.