Je, wajua kwa nini ukurasa wa mistari 300 huisumbua kanzidata, yaani ghala la data la programu, mara 301?

Mfumo ulikuwa wa SACCOS, na ukurasa wenyewe haukuwa na makuu: michango 300 ya mwezi, kila mstari na jina la mwanachama na kiasi alichoweka. Kwenye laptopu yangu ulifunguka papo hapo. Ulipohamia kwenye seva, mhasibu akawa anabonyeza, anakwenda kuchukua chai, anarudi, bado unazunguka.

Nikajiambia kuna swali zito mahali fulani. Swali hapa ni lile ambalo programu hulituma kwa kanzidata, watengenezaji tunaita kwiri. Nikaongeza indeksi, orodha inayoisaidia kanzidata kufika kwenye mstari bila kupekua jedwali zima. Hakuna kilichobadilika, na leo sababu naijua: wanachama walikuwa wakitafutwa kwa namba ya utambulisho, na safu ya namba hiyo, yaani ufunguo mkuu, huwa na indeksi tangu jedwali linapoundwa. Nilikuwa nampa miwani mtu anayeona vizuri.

Nikafungua logi (daftari la kumbukumbu) ya maswali ya polepole ya MySQL, kanzidata ya seva ile. Tupu. Nikaichukua kama ushahidi: kanzidata ni nzima, kwa hiyo seva ndiyo dhaifu, inunuliwe kubwa zaidi. Logi hiyo, usipogusa mipangilio yake, huandika tu swali lililozidi sekunde 10, tena ikiwa umeiwasha. Langu hata moja halikuwa karibu na hapo. Hapakuwa na swali zito. Palikuwa na mepesi 301, kila moja likijibiwa haraka mno kiasi cha kutoonekana na yeyote.

Kosa langu jingine lilikuwa kuilaumu ORM, kwamba eti inaandika SQL (lugha ya kuulizia kanzidata) mbovu. ORM ni zana inayokuwezesha kuishika mistari ya jedwali kama vitu vya kawaida vya lugha unayoandikia. Niliyoitumia ni ya Django, zana ya Python ya kujengea tovuti, iliyozaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti huko Lawrence, Kansas, ikatolewa kwa umma mwaka 2005 na kupewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. SQL iliyoandika ilikuwa safi kabisa. Tatizo ni mara ngapi iliiandika. Tazama:

for m in Mchango.objects.all():
    print(m.mwanachama.jina, m.kiasi)

Mstari wa kwanza unaleta michango yote kwa swali moja. Balaa limejificha kwenye nukta, ile iliyo kati ya m na mwanachama. Mchango umebeba namba tu ya mwanachama, mwenyewe hajaletwa. Unapoigusa nukta ile, Django inakwenda kumtafuta, kimyakimya. Michango 300, nukta 300. Ongeza jina la tawi la mwanachama na unafika 601. Cha ajabu zaidi, mwanachama mmoja akiwa na michango mitano, ataulizwa mara tano kana kwamba hajawahi kuonekana. SQLAlchemy, zana nyingine ya Python, humkumbuka aliyekwisha kuletwa katika kikao hicho hicho. Django haimkumbuki.

Fikiria ofisi ya zamani ya serikali: bosi ghorofa ya tatu, masijala chini. Bosi anamtuma mhudumu akalete orodha ya michango. Mhudumu anashuka, anapanda nayo. Bosi anasoma mstari wa kwanza: namba 118. Huyu nani? Mhudumu anashuka. Karani wa masijala ni hodari, makabati yamepangwa kwa namba, faili la 118 analitoa kufumba na kufumbua. Mhudumu anapanda. Mstari wa pili: namba 42. Anashuka tena. Sasa ofisi ikilalamikiwa, wewe ukapanga makabati upya, hiyo ndiyo indeksi yangu. Ukaajiri karani mwepesi zaidi, hiyo ndiyo seva kubwa. Muda wote unaliwa na ngazi, yaani safari kati ya programu na kanzidata.

Ngazi zenyewe hupimika. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni takriban kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya nyaya husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi, milisekunde 75 kwa uchache. Programu ikiwa Dar na kanzidata London, safari 301 ni zaidi ya sekunde 22, kabla karani hajafungua kabati hata moja.

Na laptopu je? Pale nilitumia SQLite, kanzidata ambayo Django hukupa usipochagua nyingine. SQLite huishi ndani ya programu yenyewe. Masijala imo chumbani kwa bosi, anageuza kiti tu. Nyaraka zake zina ukurasa mzima unaotetea maswali madogo mengi, na kwa SQLite wana haki. Kwa hiyo 301 si namba mbaya yenyewe kwa yenyewe. Inategemea urefu wa ngazi.

Dawa ni bosi kusema anachotaka kabla mhudumu hajaondoka:

Mchango.objects.select_related('mwanachama__tawi')

Hapo majedwali yanaunganishwa kwa JOIN na kila kitu kinapanda kwa safari moja. Ukienda upande wa pili, kutoka mwanachama kwenda kwenye michango yake mingi, njia hii haikubali, na ni haki yake: mwenye michango 60 angerudiwa mara 60. Huko kuna prefetch_related, iliyokuja na Django 1.4 mwaka 2012. Mhudumu anashuka mara mbili tu: kwanza orodha, kisha karatasi moja yenye namba zote. Ila ukishaileta halafu ukaichuja kwa .filter() ndani ya kitanzi, ulichobeba kinaachwa mezani na anashuka upya.

Nami nilijiumiza kwa only('kiasi'), nikidhani kuleta safu chache ni kubana matumizi. Kiolezo cha ukurasa kilikuwa kinaonyesha tarehe. Kila mstari ukaenda kuitafuta tarehe yake.

Siku hizi naandika jaribio lenye assertNumQueries, inayohesabu maswali, na idadi ninayoitegemea. Idadi ikipita, jaribio linaanguka na kuyataja maswali yote moja moja. La kwanza kuniangukia lilitema 301: moja la orodha, na 300 yanayofanana kama mapacha, isipokuwa namba mwishoni.