Ushindani, au wingi wa kampuni tu?

Jumamosi iliyopita fundi wa intaneti ya faiba alikuwa juu ya ngazi, kwenye nguzo iliyo mbele ya geti letu, eneo la Sakina, Arusha. Jirani akamuuliza mbona bei ya mwezi haishuki. Akajibu kwa uhakika kabisa: "Mama, Arusha siku hizi ushindani ni mkali, kampuni zimejaa." Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na linanikera, kwa sababu kwenye nguzo ile ulikuwepo waya mmoja tu mweusi wa faiba, wa kampuni moja.

Ushindani sokoni ni wauzaji wawili au zaidi kumgombania mnunuzi yuleyule. Basi.

Neno lenyewe limeshasema. Mzizi ni shinda, na mtu anaweza kushinda peke yake: anashinda mtihani, anashinda hofu. Ukiongeza -na unapata shindana, kauli ya kutendana, ndugu wa pigana na gombana. Hakuna agombanaye peke yake, na wagombanao sharti wakutane. Mkimbiaji wa Kilimanjaro Marathon pale Moshi hashindani na anayekimbia Mwanza asubuhi hiyohiyo. Vivyo hivyo, kampuni moja ikiwa na nyaya Njiro na nyingine Sakina, mji una kampuni mbili, ila mimi wa Sakina sina wa kumkimbilia. Hata Sheria ya Ushindani, ilivyotungwa mwaka 2003, haikuhesabu majina ya kampuni. Ilitaka kwanza lijulikane soko ni lipi, yaani mnunuzi anaweza kugeukia nini badala yake, ndipo itazame kama mfanyabiashara ameshika zaidi ya asilimia 35 ya soko hilo.

Sababu ya mitaa kugawanyika hivi ni hesabu. Gharama kubwa ni kuvuta nyaya mtaa mzima. Kuunganisha nyumba moja zaidi ni kidogo. Anayekuja wa pili anabeba mzigo uleule ili agawane nyumba zilezile, kwa hiyo anaona heri aende mtaa ambao haujaguswa. Simlaumu. Bando la simu nalo linapunguza makali kidogo, lakini nyumba yenye watoto wanne wanaosoma kwa video inajua tofauti yake na faiba.

Wala si lazima nguzo ijae nyaya. Uingereza, nyaya za Openreach, kampuni yenye mtandao wa nyaya, zinatumiwa na kampuni nyingi zinazouza intaneti, na mteja anahama muuzaji huku waya ukibaki uleule. Pale wanamgombania kweli.

Kwa hiyo, ndugu yangu fundi, kazi yako ni safi na intaneti inashika vizuri. Jirani akikuuliza tena, mwambie kampuni ni nyingi mjini, ila hapa Sakina tuko peke yetu kwa sasa. Atakuelewa.